Mbuzi au kondoo, mnadani au kwa jirani? Kuanzisha kundi Lindi na Mtwara bila kununua ugonjwa wa kutupa mimba

Malipo ya korosho yakishaingia, swali linalozunguka vijiweni kuanzia Newala hadi Nachingwea ni moja: hela iliyobaki baada ya ada na mabati, ninunue mbuzi au kondoo? Watu hubishana mpaka kahawa inapoa. Huyu anasema mbuzi anauzika siku yoyote, yule anasema kondoo hana matata, mwingine anakumbusha bei ya kondoo Idi ikikaribia. Ubishi mzuri, ila kuna jambo linarukwa. Jike mwenye vijidudu vya brusela, ugonjwa ambao wengi tunauita wa kutupa mimba, anaweza kuingia bandani kwako akiwa mnene na manyoya yanang'aa, akakuharibia uzao wa mwaka mzima na wewe mwenyewe akakulaza kitandani.

Nalinganisha hapa chaguo ambazo mtu wa huku anakutana nazo kweli. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mbuzi au kondoo ni swali dogo. Swali kubwa ni umenunua wapi, na kutoka mabanda mangapi.

Kwanza, ugonjwa wenyewe uko kiasi gani

Utafiti uliofanyika ukanda wa Katavi na Rukwa na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta alama za maambukizi kwenye damu ya asilimia 6.8 ya ng'ombe waliopimwa, na asilimia 1.6 ya mbuzi. Katavi si Ruangwa, najua. Lakini picha ya namna hiyo, ng'ombe juu na mbuzi chini, imeonekana sehemu zaidi ya moja nchini, na ndiyo inayowafanya watu waone brusela ni shida ya wenye ng'ombe.

Tupige hesabu kidogo. Chukua asilimia 2, kwa mfano tu. Ukinunua mbuzi mmoja, uwezekano wa kumpata mgonjwa ni 2 kati ya 100, nani atahangaika? Ukinunua 10, kila mmoja kwa muuzaji wake, uwezekano wa kupata angalau mgonjwa mmoja unafika asilimia 18. Ukinunua 20 kwa mtindo huo huo ni asilimia 33. Ukifika 30 ni asilimia 45, karibu nusu kwa nusu. Na kundi zima linahitaji mgonjwa mmoja tu, jike mmoja atakayetupa mimba au kuzaa katikati ya wenzake.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Brusela haikusambazwa sawasawa kama chumvi kwenye mboga. Imejikusanya: banda hili halina hata mmoja, banda lile wanao watano kati ya thelathini. Kwa hiyo wanyama 20 kutoka banda moja unalolijua, ambalo halijawahi kutupa mimba, si sawa hata kidogo na wanyama 20 waliookotwa kwa wauzaji 20. Idadi ni ile ile, hatari ni mbili tofauti.

Mbuzi na kondoo

Kijidudu kinachowasumbua hawa wawili ni kimoja hasa, Brucella melitensis. Cha ng'ombe ni ndugu yake, Brucella abortus, ingawa wakichanganywa zizi moja hupeana. Tofauti inaanza baada ya maambukizi.

Mbuzi akishatupa mimba au kuzaa akiwa mgonjwa, uchafu unaomtoka ukeni huendelea kumwaga vijidudu kwa miezi miwili hadi mitatu. Kondoo kwa kawaida huacha ndani ya wiki tatu hivi. Mbuzi wengi pia hubaki na vijidudu kwenye kiwele na kuvitoa kwenye maziwa, ilhali kondoo wengi zaidi hupona wenyewe kadiri muda unavyokwenda. Kwa kipimo hicho peke yake, mbuzi mmoja mgonjwa ni mzigo mzito kuliko kondoo mmoja mgonjwa.

Lakini angalia tunavyofuga. Mbuzi wa kijijini Tandahimba au Mtama hufungwa kamba mchana, kwa sababu akiachiwa atamaliza miche ya mikorosho na utaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mbuzi wa kamba hukutana na wenzake wachache. Kondoo huachwa pamoja, hutembea wamebanana, hulala wamebanana, na jike akizaa usiku kondo la nyuma linakanyagwa na kundi zima kabla hujaamka. Nao wote wawili wana tabia ya kunusa na kulamba kichanga na zalio. Mfumo wa kufuga unakula ile faida ya kondoo.

Kwa hiyo chagua mbuzi au kondoo kwa sababu za soko na malisho yako. Mbuzi hula majani ya vichaka na anavumilia mapori yetu, na wale wadogo wa asili wa Newala wameshazoea. Kondoo anataka nyasi. Kama eneo lako ni nyasi chini ya mikorosho mikubwa, kondoo anakufaa. Kwa brusela, tofauti yao haitoshi kukufanya ubadili mawazo, isipokuwa kama unafikiria mbuzi wa maziwa. Hapo pima kila jike kabla hujatoa hela, bila mjadala.

Mnadani, kwa wafugaji wa kuhama, au kwa jirani

Hapa ndipo penye maneno.

Mnadani unapata wanyama wengi siku moja, unachagua rangi na umbo, bei unabishana. Lakini mnadani mnyama hana historia. Dalali hamjui mama yake, na aliyemleta kwa dalali alimnunua juzi. Jiulize pia kwa nini jike mzuri, mwenye meno yote na umri wa kuzaa, yupo mnadani. Wapo wanaouza kwa ada ya shule. Wapo wanaouza kwa sababu ametupa mimba, na huyo ndiye wa kwanza kutolewa bandani kwa mfugaji yeyote mwenye akili. Sokoni hawaandikwi pajani.

Kusini tumeshaona mnada unaweza kuleta nini. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ule ugonjwa wa kuharisha na makamasi uliofyeka mabanda, watafiti walifuatilia njia yake wakakuta uliingia huku mwaka 2009 pamoja na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Sotoka inajionyesha haraka, wanyama wanakufa na kila mtu anajua kuna tatizo. Brusela haina haraka hiyo. Mbuzi ataingia Machi, atatupa mimba Agosti, na mpaka hapo hakuna anayekumbuka alinunuliwa wapi. Kibali cha kusafirisha mifugo kinamlinda mnunuzi kwa mengine, lakini kibali si kipimo cha damu.

Wafugaji wa kuhama ni chaguo la pili, na wanasemwa vibaya kuliko wanavyostahili. Kundi kubwa la wale waliohamishwa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 lilielekezwa Lindi, na leo Kilwa na Nachingwea kuna maboma ambayo vijana wake wamezaliwa huku huku. Hatari yao ni ya wazi: mbuzi na kondoo wanalala jirani na ng'ombe, wanakunywa dimbwi moja na makundi mengine, na wengi wao wanakunywa maziwa mabichi. Faida yao haizungumzwi. Mfugaji wa aina hii anamjua kila mnyama, mama yake na bibi yake. Ukimuuliza vizuri, bila kumkemea, atakwambia yupi alitupa mimba masika iliyopita. Mwanzo wa maongezi usiwe bei. Kaa, salimia, uliza kundi limetoka wapi na mvua ikoje. Halafu ndipo: "Mzee, katika hawa, wapo waliotupa mimba mwaka huu?" Akijibu kwamba wapo wawili na akakuonyesha, shukuru, na usinunue jike kwenye kundi hilo mpaka lipimwe. Akikwambia hakuna hata mmoja tangu aanze kufuga, kwenye kundi la mia mbili, hilo nalo lichukue kwa tahadhari. Mimba zinatoka kwa sababu nyingi, na mia mbili ni wengi.

Wa tatu ni jirani, mwenye mbuzi watano au wanane nyuma ya nyumba. Bandani kwake unaingia kila siku. Unajua kama wamezaa, unajua kama watoto walikufa, shemeji yako ndiye aliyechinja lile beberu siku ya akika. Kwa brusela, huyu ndiye chaguo langu la kwanza. Kasoro zake ni mbili. Hana wa kutosha, kwa hiyo utalazimika kwenda kwa majirani sita, na hapo unarudi kwenye ile hesabu ya mabanda mengi. Na wanyama wake ni ndugu kwa ndugu, maana beberu ni mmoja kwa kitongoji kizima, kwa hiyo ukubwa wa mwili unapungua kizazi hadi kizazi.

Ukinibana nichague moja kwa mtu anayetaka majike kumi na tano: anunue sita au saba kwa majirani wawili anaowajua, kisha asubiri wazae. Kundi la mbuzi linakua haraka kuliko subira ya mwenye hela. Anayetaka ukubwa ataupata kwa beberu bora, si kwa kujaza majike wa mnadani.

Ile miradi ya kukopeshana mbuzi, unapewa jike na unarudisha mtoto kwa mwanakikundi mwingine, nayo niitaje. Ni mizuri, lakini kila mtoto anayepitishwa anapita na historia ya mama yake. Kikundi kisipime majike ya mwanzo, kitakuwa kinagawa kitu kingine pamoja na mbuzi.

Mwenye mimba, mtamba, au aliyekwisha kuzaa

"Huyu ana mimba, bosi. Unanunua wawili kwa bei ya mmoja." Kila aliyesimama mnadani ameyasikia haya. Kwa brusela huyo ndiye mnyama wa hatari kuliko wote, kwa sababu vijidudu huzaliana zaidi kwenye kondo wakati wa mimba, na mimba hutoka miezi miwili ya mwisho, yaani akiwa tayari ni wako. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Ukimnunua ana miezi mitatu, bomu linalipuka bandani kwako. Mimi simwongezei muuzaji hata shilingi kwa ajili ya mimba.

Aliyekwisha kuzaa na ana mtoto anayenyonya anaonekana salama, na kweli ni afadhali. Ila jua kwamba jike mwenye brusela kwa kawaida hutupa mimba mara moja. Zinazofuata huzaa vizuri huku akiendelea kumwaga vijidudu. Mtoto mzima si cheti.

Mtamba ambaye hajapandwa ndiye ninayempendekeza, tena kutoka kwa mama unayemjua. Naye ana kimeo chake: aliyezaliwa na mama mgonjwa anaweza kuubeba ugonjwa kimya kimya, akipimwa anaonekana msafi, mpaka siku atakapozaa. Ndiyo maana nasema mjue mama kabla ya kumpima binti.

Kuna chaguo la nne ambalo watu hawalifikirii kama jibu la brusela: usizalishe kabisa. Nunua madume wachanga miezi minne au mitano kabla ya Idi ya kuchinja, wanenepeshe, uza. Hakuna mimba, hakuna zalio, hakuna maziwa. Dume huweza kuugua, na korodani moja iliyovimba kuliko mwenzake ni dalili ya kumkataa, lakini kwa kueneza hafikii jike. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza, asiye na banda la kutenga wanyama, ningemwambia aanze hivyo.

Kupima, kutenga, kuchanja

Kipimo cha kwanza ni Rose Bengal. Mtaalamu wa mifugo anamtoa mnyama damu kwenye mshipa wa shingo, inawekwa kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, inaachwa mpaka maji ya damu yajitenge juu. Tone la maji hayo na tone la kimiminika cha rangi ya waridi vinachanganywa kwa kijiti kwenye kigae cheupe, kigae kinainamishwa huku na huku kwa dakika nne. Mchanganyiko ukibaki laini, mnyama hana kingamwili, yaani ile kinga ambayo mwili hutengeneza ukishakutana na kijidudu. Ukikatika katika kuwa chenga chenga, anazo. Basi. Sampuli za kanda hii zinaweza kupelekwa maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, iliyopo Mtwara. Anzia kwa afisa mifugo wa kata, usibebe damu mwenyewe kwenye mfuko wa rambo. Anayeonekana anazo hupimwa tena kwa ELISA, kipimo kingine cha maabara, kabla ya uamuzi, kwa sababu wapo bakteria wengine wanaoidanganya Rose Bengal. Na asiyeonekana nazo apimwe tena baada ya mwezi mmoja hadi miwili, kwani aliyeambukizwa juzi bado hajatengeneza kingamwili. Kile kipimo cha kutumia maziwa wanachokitumia kwa ng'ombe, kwa mbuzi na kondoo usikitegemee.

Kutenga ni bure, na wengi hutenga siku 30. Kwa sotoka zinafaa sana. Kwa brusela siku 30 bila kupima hazikwambii kitu, kwani mgonjwa anakula na kucheza kama kawaida. Jike mgeni ninamtenga mpaka azae, hata ikiwa ni miezi mitano, kwenye kibanda chake, upande ambao maji ya mvua hayatiririki kuelekea kwa wengine. Zalio na kilichotoka vinachomwa au vinafukiwa kina kirefu na kumwagiwa chokaa, mbwa wasifukue. Jua letu linasaidia, maana vijidudu vikianikwa hufa upesi. Penye kivuli na unyevu huishi wiki nyingi.

Kuchanja nitapita haraka. Chanjo ya mbuzi na kondoo ni Rev.1, chanjo hai, hutolewa kwa wachanga wa miezi mitatu hadi sita chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Ikimwingia jike mwenye mimba inaweza kuitoa, na ikimchoma au kumrukia jichoni anayechanja humwambukiza. Chanjo ya S19 ambayo TVLA huitengeneza Kibaha ni ya ng'ombe. Muuza dawa akikwambia ni ile ile, hama duka. Kwa mwenye mbuzi kumi, kupima na kuchagua pa kununua vinamfaa kuliko chanjo.

Upande wa watu

Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit aligundua kisiwani Malta kwamba homa iliyokuwa ikiwatesa wanajeshi wa Uingereza ilitoka kwa mbuzi walioonekana wazima kabisa. Walipokatazwa maziwa mabichi mwaka uliofuata, wagonjwa walipungua haraka. Kwetu maziwa ya mbuzi si kinywaji cha kila siku, kwa hiyo mlango mkubwa ni mikono: kuvuta mtoto anapokwama, kuokota zalio, kuchinja na kupasua tumbo la jike. Vaa glovu, na kama hazipo, mifuko miwili ya plastiki mikononi ni bora kuliko ngozi tupu. Mama mjamzito asizalishe mnyama. Maziwa yachemshwe, na mgando wa maziwa mabichi usihesabiwe kuwa umepikwa kwa kuwa ni mchachu.

Shida ya Lindi na Mtwara ni kwamba malaria ipo kweli, tena nyingi, kwa hiyo homa yoyote inapewa jina hilo. Moshi, ambako malaria ni kidogo, wagonjwa 870 wa homa waliolazwa walipochunguzwa, asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, ilhali iliyothibitishwa ilikuwa asilimia 1.6; baadhi yao walikuwa na brusela. Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na kiuno kuuma, vipimo vya malaria havioni kitu: mwambie daktari unafuga mbuzi na ulizalisha lini. Tiba ipo, kwa kawaida doksisaikilini wiki sita pamoja na dawa nyingine, na ukiikatisha wiki ya pili kwa kuwa umepata nafuu, homa hurudi.

Beberu: wa kuazima au wa kwako

Limebaki hili. Beberu wa kuazima anakuokolea hela, lakini anatoka banda hadi banda, na akirudi hujui alilala wapi. Kwa majike wanne au watano, badala ya kumleta kwako, pelekeni majike yenu kwa mwenye beberu aliyepimwa, siku jike anapohitaji dume tu, na warudi jioni ile ile. Ukifikisha majike wanane, nunua wako, kijana, apimwe kabla ya kulipiwa, na baada ya miaka miwili badilishaneni na mwenzako wa mbali kidogo ambaye naye kundi lake limepimwa. Muuzaji akikataa beberu wake asitolewe damu, hata kama amenona vipi, funga pochi uende zako.